Kuwatafuta Wazee Wetu Waliotoka Mbali katika Vitabu vya Ubatizo



Katika parokia zetu kongwe, hasa zile za pwani na zile zilizozaliwa na misioni ya Bagamoyo, Maparoko huletewa swali ambalo si la kawaida ya ofisi. Mwamini hakuja kuomba cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa, wala hakuja kuandikisha nia ya Misa. Amekuja kuuliza: mama wa bibi yetu alitoka wapi? Nyumbani wazee walisema tu kwamba "alikuja na Mapadre", au "alitoka bara", kisha wakanyamaza. Sasa wazee wale wametangulia, na kinachodhaniwa kubaki ni kitabu kikuukuu kilichofungiwa kabatini mwa Paroko.

Swali hili ni la haki, nasi tunapenda kulijibu kwa urefu. Kwa koo nyingi, vitabu vya parokia ndio ushahidi pekee wa maandishi kwamba mtu fulani aliyeletwa kutoka mbali aliishi, alipewa jina, alifunga ndoa, akazaa na kuzikwa. Hata hivyo tunatahadharisha tangu mwanzo: ukurasa ule ule unaotuhifadhia jina la mzee wetu ndio pia unaotuficha jina lake la kwanza. Asiyejua jinsi ulivyoandikwa atatoka na jibu lisilo la kweli, naye atalirithisha kwa wanawe kana kwamba ni kweli tupu.

Kitabu kilichoanzishwa kwa sababu nyingine

Vitabu hivi havikuanzishwa ili kuandika historia ya koo. Mababa wa Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, waliwaagiza Maparoko waandike ndoa kitabuni, na waandike pia majina ya wasimamizi wa ubatizo, ili watu wasioane ndani ya undugu uliokatazwa na ili mtu asiwe na wake wawili katika parokia mbili. Mwaka 1614, kitabu cha ibada kilichotolewa na Papa Paulo V, yaani Rituale Romanum, kilipanga vitabu vitano: cha wabatizwa, cha waliopewa Kipaimara, cha ndoa, cha marehemu, na kile kilichoitwa "hali ya roho", ambacho kiliorodhesha watu wa kila nyumba. Tangu hapo padre aliyepewa parokia alijua anachopaswa kuandika na kwa maneno gani, awe Ufaransa, Goa au Zanzibar.

Mazoea hayo ndiyo yaliyovuka bahari. Mapadre na Masista wa kwanza wa nyakati hizi walifika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion. Baada yao wakaja Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, nao mwaka 1868 wakafungua misioni ya Bagamoyo. Wengi wa watu walioandikwa katika kurasa za mwanzo hawakuwa wenyeji wa pwani. Walikuwa watoto na vijana waliotekwa bara, wakaletwa kwa misafara hadi baharini. Baadhi yao walikombolewa na wamisionari kwa fedha katika soko la watumwa la Zanzibar, hadi soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Wengine walinyang'anywa kutoka majahazi na manowari za Kiingereza, kisha balozi mdogo wa Uingereza akawagawa kwa misioni mbalimbali.

Neno "mhamiaji" halikai vizuri kwa watu hawa, maana mhamiaji huamua kuondoka. Lakini kwa wazao wao kazi ya kutafuta ni ile ile, ila ni ngumu zaidi.

Ukurasa mmoja, majina matatu

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga wenyewe kwa kufuata namna ya maandishi ya wakati ule, ili kusiwe na mtu wa kweli anayeguswa. Kitabu kinasema: "Die 8a 7bris 1879 baptizavi Mariam, antea Zafarani, annorum circiter decem, e tribu Nyassa, parentibus ignotis. Matrina fuit Magdalena, uxor Iosephi." Kwa Kiswahili: "Tarehe 8 Septemba 1879 nimembatiza Maria, aliyeitwa kwanza Zafarani, mwenye umri wa miaka kumi hivi, wa kabila la Nyasa, wazazi wasiojulikana. Mama wa ubatizo alikuwa Magdalena, mke wa Yosefu."

Ni mistari michache, na karibu kila neno lina mtego wake.

Tuanze na tarehe. Wengi wakiona "7bris" husoma mwezi wa saba. Sivyo. Katika Kilatini, "septem" ni saba, na Septemba ilikuwa mwezi wa saba katika kalenda ya Kirumi ya zamani. Hivyo waandishi walifupisha: 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, na Xbris ni Desemba. Aliyekosea hapa atakosea pia umri wa mtoto, na huenda akamkataa mtu ambaye ndiye hasa aliyekuwa akimtafuta. Tena tarehe yenyewe inaeleza jina: tarehe 8 Septemba Kanisa huadhimisha Kuzaliwa kwa Bikira Maria, hivyo si ajabu kwamba siku hiyo msichana aliitwa Maria. Mara nyingine jina lilitoka kwa mtakatifu wa siku, mara nyingine kwa mmisionari aliyependwa, na mara nyingine kwa mfadhili wa Ulaya aliyechangia gharama ya kumkomboa mtoto. Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, lilikusanya senti za watoto wa huko kwa ajili ya watoto wa nchi za misioni, na wafadhili waliweza kupendekeza jina la ubatizo. Hivyo basi, jina ambalo ukoo mzima unalitumia leo kama jina la babu huenda lilichaguliwa na mtoto wa shule wa Ufaransa ambaye hakupata kumwona.

Chini ya jina Maria tunakuta jina Zafarani. Hapo ndipo wazao hushangilia: "Hili ndilo jina lake la asili!" Tunawaomba wangoje kidogo. Zafarani, Faida, Bahati, Mabruki, Feruzi, Baraka na mengine ya namna hiyo yalikuwa majina ambayo mabwana wa pwani waliwapa watumwa wao. Ni maneno ya Kiswahili, na mengi yana asili ya Kiarabu au Kiajemi, nayo hayatoki katika lugha za kando ya Ziwa Nyasa. Kwa hiyo mara nyingi jina la "kipagani" kitabuni ni jina la utumwani, na jina ambalo mama alimwita mwanawe halimo.

Wasomaji wetu wanalo tayari kielelezo cha jambo hili katika maisha ya Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, nchini Sudani, yapata mwaka 1869, akatekwa angali mtoto, na kwa hofu kuu iliyompata alisahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita" ni jina alilopewa na waliomteka. Maana yake ni mwenye bahati, nalo ni la shina moja na neno letu "bahati". Alipobatizwa Venezia tarehe 9 Januari 1890 aliitwa Giuseppina Margherita Fortunata, na Fortunata si kingine ila Bakhita katika Kilatini. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu mwaka 2000, na Kanisa lote humwomba kwa jina la utumwani, kwa kuwa lile la kwanza halikupatikana tena.

Kisha kuna neno "Nyasa". Je, basi tuseme ukoo huu ni Wanyasa? Neno hilo kitabuni halikutaja kabila kwa usahihi. Mara nyingi lilitaja njia. Watu waliotoka upande wa Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa, waliitwa Wanyasa, wawe Wanyanja, Wayao, Wamakua au wengine waliotekwa njiani. Vivyo hivyo "Manyema" lilikuwa jina la watu wa magharibi ya Ziwa Tanganyika waliopitia Ujiji na Tabora, hata kama walitoka katika makabila mbalimbali ya Kongo ya leo. Aliyeandika aliuliza, mara nyingi kwa Kiswahili, naye aliyejibu alisema jina ambalo msafara ulikuwa umemzoesha. Tunachoweza kusema kwa haki ni hiki: mtoto huyu aliletwa kutoka upande ule wa nchi. Zaidi ya hapo tunahitaji ushahidi mwingine, kama vile chanjo za usoni zinazokumbukwa na wazee, wimbo wa kubembeleza mtoto, neno la chakula lisilo la Kiswahili lililobaki jikoni, au mwiko wa ukoo.

Maneno "wazazi wasiojulikana" ndiyo yanayotusumbua zaidi. Mtoto wa miaka kumi anamjua mama yake. Anajua jina lake, sauti yake, na mahali alipomwona mara ya mwisho. Wazazi wale hawakujulikana kwa padre, na padre akaandika kadiri ya ufahamu wake na kadiri ya desturi ya kitabu, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga wa Ulaya wanaoletwa kanisani na wazazi wao. Huenda mtoto hakuulizwa. Huenda aliulizwa kwa lugha aliyoanza kujifunza juzi. Huenda alijibu, na jibu lake halikupata nafasi katika mstari. Mzao anayesoma maneno hayo leo asiyachukue kana kwamba mzee wake alikuwa mtu asiye na kwao.

Mwisho anatajwa Magdalena, mama wa ubatizo. Usimpite haraka. Katika kijiji cha Wakristo cha Bagamoyo, wasimamizi wa ubatizo mara nyingi walikuwa watu waliotangulia kukombolewa, na familia hizo ndizo zilizokuwa ndugu wa watu wasio na ndugu. Katika koo kadhaa, yule anayekumbukwa kama shangazi au baba mkubwa huenda ni msimamizi wa ubatizo. Sheria ya Kanisa ya wakati ule nayo iliutambua undugu huu wa kiroho kuwa kizuizi cha ndoa. Hivyo andika majina ya wasimamizi wote, uyafuate katika kitabu cha ndoa na cha marehemu. Mara nyingi mtu anayetafutwa hupatikana kwa kuwafuata waliosimama kando yake.

Tuongeze neno moja kuhusu tahajia, maana hapa wengi hukata tamaa bila sababu. Mfaransa aliandika sauti ya "u" kwa "ou", na "sh" kwa "ch". Hivyo Ukami ikawa "Oukami". Mjerumani aliyeandika Kilimanjaro alimwita Mchaga "Dschagga". Katika karatasi za Kireno, Makua ni "Macua", na Nyasa ni "Niassa". Soma kwa sauti, kama anavyosoma mtu wa taifa la mwandishi, na jina litajitokeza. Tena, kwa kuwa watu hawa hawakuwa na jina la ukoo kitabuni, faharasa za zamani kwa kawaida hupangwa kwa jina la ubatizo. Atakayetafuta jina la ukoo la leo huenda asilione, ilhali babu yake yumo chini ya herufi ya "Iosephus".

Kufuata nyayo kutoka kitabu hadi kitabu

Maria wa mfano wetu hakubaki lazima Bagamoyo. Wamisionari walipofungua misioni za bara walichukua familia changa za Kikristo kutoka kijiji kile ziwe mbegu ya misioni mpya: Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, na baadaye nyingine hata Morogoro na Kilimanjaro. Hivyo ubatizo unaweza kuwa Bagamoyo, ndoa Mhonda, na mazishi mahali pa tatu. Mipaka ya kikanisa nayo imebadilika mara nyingi. Vikarieti ya Kitume ya Zanzibar, iliyoundwa mwaka 1883, ilihusisha pia sehemu ya Kenya ya leo. Mwaka 1906 Bagamoyo ikatengwa. Mwaka 1953 vikarieti hiyo ya Bagamoyo ikawa Jimbo la Morogoro. Na mwaka 2025 Bagamoyo yenyewe imekuwa jimbo. Anayetafuta aulize kwanza parokia ile ilikuwa chini ya nani katika mwaka anaoutafuta, ndipo aulize vitabu viko wapi.

Kwa walioishi karne ya 20 kazi ni nyepesi zaidi, na sababu yake ni amri ndogo ambayo waamini wachache huifahamu. Mwaka 1907 Papa Pio X alitoa agizo liitwalo Ne temere, lililoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908. Tangu hapo Paroko anayefungisha ndoa hana budi kuipelekea taarifa parokia ambako kila mmoja wa wanandoa alibatizwa, nayo taarifa huandikwa pembeni, mkabala na jina la mbatizwa. Sheria ya sasa ya Kanisa imelihifadhi agizo hilo katika kanuni 1122. Kwa njia hiyo vitabu viwili vilivyo mbali huzungumza.

Fikirini maana yake kwa manamba. Wanaume wengi kutoka Burundi, Rwanda, Songea, Kigoma na Msumbiji walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri kilichoitwa SILABU. Shambani mtu alijulikana kwa namba, na ndiyo asili ya neno manamba. Lakini alipokwenda kwa Padre kufunga ndoa aliulizwa jina, jina la baba, na parokia alikobatizwa. Mrundi aliyebatizwa Mugera, misioni iliyofunguliwa mwaka 1899, akaoa Tanga, ameacha alama mbili: moja katika kitabu cha ndoa huku, nyingine pembeni mwa jina lake kule kwao. Wazao wake walioko Tanzania wanaweza kujua kijiji cha babu. Na ndugu walioko Burundi, waliomlilia kijana aliyeondoka asirudi, wanaweza kuona kwamba aliishi, na kwamba alioa. Kwa Warundi na Wanyarwanda tunakumbusha kwamba zamani kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa baba mmoja hawakushiriki jina. Kwa hiyo jina la baba katika kitabu lina thamani kuliko yote.

Wagoa wa Zanzibar na Mombasa wako katika hali nyingine kabisa. Aliyebatizwa kijijini kwao Bardez au Salcete aliandikwa kwa desturi ya Kireno, iliyotaja wazazi na mara nyingi hata babu na bibi wa pande zote mbili. Karani wa Kigoa na msichana aliyekombolewa wangeweza kupiga magoti katika kanisa moja, Jumapili moja. Wazao wa karani wanahesabu vizazi hadi karne zilizopita, na wazao wa msichana wanakutana na "parentibus ignotis". Tofauti haikuwa katika imani yao.

Wako pia waliotoka mbali ambao habari zao zinajulikana vizuri. Adriano Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa utotoni, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, akasomea utabibu kisiwani Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Aliwatibu na kuwafundisha watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Tunajua safari yake kwa sababu alisoma, na kwa sababu aliishi miaka mingi ya kutosha kusimulia. Waliofika misioni wakiwa wagonjwa, wakabatizwa "in articulo mortis", yaani katika saa ya kufa, hawakupata nafasi hiyo. Wamejaa katika vitabu hivi, na wengi wana mstari mmoja tu.

Penye ukimya wa kitabu

Itatokea kwamba jina liko katika kitabu cha ubatizo, kisha halionekani tena, si katika ndoa wala katika marehemu. Msikate shauri upesi kwamba mtu huyo alikufa. Tuseme wazi jambo ambalo pengine halipendezi kusomwa katika ukurasa wa jimbo. Fedha za ukombozi zilizolipwa sokoni ziliingia mfukoni mwa mfanyabiashara yule yule, na wapo waliolihoji jambo hilo. Maisha ya kijiji cha misioni yaliongozwa kwa kengele: sala, shamba, darasa, hata uchumba ulikuwa chini ya macho ya Mapadre na Masista. Wengi waliyapokea maisha hayo na kuyafanya kuwa yao, na imani waliyoturithisha ni ya kweli. Wengine walitoroka. Baadhi walihamia mjini, wakaingia katika Uislamu, wakazaa huko. Kwa hiyo mzao asishangae akigundua kwamba tawi moja la ukoo liko parokiani na lingine msikitini, wala asilione hilo kuwa aibu ya kufichwa.

Manowari za Kiingereza nazo hazikuwapeleka watu wote kwa Wakatoliki. Wapo waliopelekwa kwa Waanglikana: Zanzibar, Masasi kuanzia mwaka 1876, na Freretown, karibu na Mombasa, kuanzia mwaka 1875. Ndugu wawili wa jahazi moja wangeweza kubatizwa katika madhehebu mawili. Penye dalili hiyo, ulizeni kwa heshima katika ofisi za majirani zetu. Nyaraka za ubalozi mdogo wa Uingereza ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, na nyingine ziko Kew, Uingereza. Shajara na barua za wamisionari zinatunzwa na mashirika yao: ya Roho Mtakatifu huko Chevilly, karibu na Paris, ya Wamisionari wa Afrika, Roma, ya Wabenediktini, Sankt Ottilien, Ujerumani. Kwa kawaida shajara inaeleza mengi kuliko kitabu cha ubatizo, maana ndimo mlimoandikwa kwamba siku fulani walifika watoto kadhaa kutoka Kilwa, na hali waliyokuwa nayo. Vipimo vya vinasaba, ambavyo baadhi ya waamini wametuuliza, vinaweza kuelekeza kwenye eneo fulani la bara; jina la mtu haviwezi kulitaja.

Sasa, jinsi ya kuomba. Kanuni 535 inampa Paroko wajibu wa kuandika na kutunza vitabu, vile vya zamani vikiwamo. Kanuni 487 inampa mhusika haki ya kupata nakala halisi ya hati zinazohusu hadhi yake mwenyewe. Haki hiyo haimaanishi kufunuliwa kitabu chote. Katika ukurasa mmoja kuna jina la babu yako, na mstari wa chini kuna mtoto wa mtu mwingine ambaye jina la baba yake liliachwa wazi kwa sababu, au aliyepangwa katika familia isiyomzaa. Kwa hiyo atakayesoma ni Paroko au mtunza nyaraka, si mwombaji. Andika barua kupitia Paroko wako wa sasa. Taja majina yote unayoyajua, miaka ya kukisia, majina ya wasimamizi kama yanakumbukwa, na sababu ya kutafuta. Usifike Jumapili kati ya Misa mbili. Usipige picha bila ruhusa, wala usiweke kurasa mtandaoni. Mwaka 2008 idara ya Vatikani inayosimamia masuala ya makleri iliwaagiza Maaskofu wasikabidhi vitabu vya parokia kwa shirika la nasaba la Utah, lenye uhusiano na Wamormoni, kwa kuwa majina ya marehemu yangeweza kutumika katika ubatizo wa wafu, ambao Kanisa haliukubali.

Parokia zenyewe zina deni hapa. Mchwa, unyevu na mvua inayovuja darini vimekwisha kula kurasa nyingi kuliko vita. Kitabu kinachochanika kisigandishwe kwa gundi wala mkanda wa plastiki, na kisinakiliwe upya kisha cha zamani kikatupwa, kwa sababu anayenakili hurekebisha, na "Oukami" ikisharekebishwa vibaya hatutajua tena kilichoandikwa. Mjulisheni Kansela wa Jimbo.

Kuna pia aibu, ambayo ndiyo iliyowanyamazisha wazee. Pwani, kuitwa mjukuu wa mtumwa lilikuwa tusi, na katika kesi za urithi na maneno ya kuvunja uchumba tusi hilo halijafa. Baadhi ya koo zilijitungia asili nyingine ili watoto wao waishi kwa amani, na hatuoni kwamba tunayo haki ya kuwahukumu. Kwa hiyo anayepata jibu kitabuni asikimbilie kulitangaza arusini au katika kundi la simu la ukoo. Akae kwanza na wakubwa waliobaki. Shangazi ambaye hakutaka kusema lolote kwa miaka 40, akionyeshwa jina la mama ya bibi yake limeandikwa kwa mkono wa Padre, mara nyingine husema yote. Mara nyingine pia husema, "Tuliache." Nalo lisikilizwe.

Na kwa wale ambao utafutaji wao utaishia kwenye maneno "wazazi wasiojulikana", kuna jambo moja linalowezekana mara moja. Mwezi wa Novemba, mnapoandika majina ya marehemu kwa ajili ya Misa, andikeni jina la ubatizo mlilolipata, na mbele yake mwongeze: "pamoja na baba na mama yake". Paroko atalisoma hivyo hivyo altareni.